Mwalimu wa Kukataa

Mtu wa kwanza niliyemsikia akisema "sitaki" kwa utulivu, bila kukunja ngumi wala kutafuta mlango, alikuwa mwalimu wetu wa hisabati. Sisi wavulana wa Garissa, wa miaka kumi na sita, kumi na saba, hatukujua kwamba neno hilo lina matumizi. Ukiambiwa ruka, unaruka. Ukiambiwa dandia lori, unadandia. Halafu unapelekwa hospitali, mama anasema ilikuwa imeandikwa, na wenzako wanakuja kuitazama bendeji kwa wivu.

Kwao ni wapi sijui vizuri. Alitoka Kenya, kama tulivyokuwa tukisema wakati ule kuhusu kila kitu cha ng'ambo ya daraja la mto wetu, utadhani sisi tulikuwa nchi nyingine. Walimu wenzake waliotumwa kwetu walikaa wakihesabu miezi hadi uhamisho. Yeye alikodi chumba mtaa wa Galbet kwa mama mmoja muuza maziwa, akajifunza kula anjera, chapati zetu laini za maji, asubuhi, na akakataa kutia sukari kwenye chai. Mama mwenye nyumba alichukulia kwamba ni ugonjwa. Kila asubuhi alimwuliza kwa lafudhi ya kwetu, inayogeuza p kuwa b, "Mwalimu, leo nabona?" Naye alijibu, "Bado, mama, bado."

Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi, masikio makubwa yaliyowapa kazi wachoraji wa nyuma ya darasa. Alituita sote "bwana mkubwa", mwerevu na mjinga, mwenye viatu na mwenye ndara. Akikurudishia karatasi yenye alama tatu kwa mia angesema, "Bwana mkubwa, hapa tulikuwa tunajaribu kufanya nini?" Na alitaka jibu kweli. Angengoja. Kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko kiboko.

Kipindi chake cha kukataa kilianza hivi. Alitumwa semina Nairobi, akarudi na vijitabu vya kuzuia ajali kwa wanafunzi. Tulipokea kimoja kwa kila dawati. Ndani kulikuwa na picha ya mtoto mwenye soksi ndefu amesimama kando ya kivuko cha pundamilia, anaangalia kulia, anaangalia kushoto. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akaja kuuliza kulikoni. Pundamilia tuliowajua sisi walikuwa na miguu minne, na barabara yetu haikuwa na kulia wala kushoto, ilikuwa na malori tu. Ndiyo miaka ya mwanzo ya tisini, watu wanamiminika kutoka Somalia, na malori ya chakula cha kambi za Dadaab yanapita mjini kwetu usiku na mchana.

Mwalimu mwingine angekasirika. Yeye alikusanya vijitabu vyote, akaviweka kabatini. Kisha, wiki mbili nzima, baada ya masomo alikwenda hospitali kuu kukaa na vijana waliovunjika. Hakuwauliza nani amekosea. Aliwauliza jambo moja: dakika moja kabla, kulitokea nini? Aliyeruka mtoni na kuumia shingo, aliyeanguka kutoka juu ya lori la mbuzi, aliyekatwa na waya akishindana kuruka ua. Alipomaliza akaja darasani, akasimama mbele ya ubao bila chaki.

"Mabwana wakubwa," akasema, "nilidhani ajali inaanzia mguuni. Kumbe inaanzia mdomoni. Kila mmoja ananiambia, dakika moja kabla, kuna mtu alisema kitu."

Tulijua ni kitu gani. Akakiandika ubaoni, herufi kubwa: FULAY.

Asiye Msomali aniwie radhi, kwa sababu nikisema maana yake ni mwoga nitakuwa nimesema nusu. Mwoga ni mtu anayeogopa. Fulay ni mtu ambaye hata binamu zake hawatamwoza dada. Kijana wa kwetu anaweza kuvumilia njaa, fimbo, na mwalimu wa Fizikia, lakini neno hilo hapana. Na huyu mtu wa bara ameliandika ubaoni kama jina la mji! Nyuma yangu mtu alivuta pumzi kwa nguvu.

Basi ikawa kila Alhamisi, kipindi cha mwisho, kwa sababu majeruhi wengi walikuwa wa Ijumaa mchana, baada ya swala, vijana wakiwa hawana la kufanya. Wawili wanaitwa mbele. Mmoja anachokoza, mwingine anakataa. Anayekataa haruhusiwi kuhubiri, haruhusiwi kukimbia, haruhusiwi kupigana. Aseme maneno machache, asimame palepale, kisha alete habari nyingine. Mchokozi anaruhusiwa kumwita fulay mara nyingi atakavyo. Alhamisi ya kwanza wawili walishikana mashati. Ya pili, mmoja alilia, akasema ni vumbi. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa tunacheka, na neno lenyewe limeanza kulegea. Kila mvulana alitakiwa kuwa na kataa yake, maneno yake mwenyewe, ambayo ulimi umeyazoea. Mwalimu alisema kwamba siku yenyewe akili haitakuwepo, lakini ulimi utakuwepo.

Nilikuwa mchokozi bora wa darasa. Nilisema hivyo kwa fahari miaka mingi, na siku hizi nikisema natazama chini. Alinipenda kwa hilo. Alisema pasipo mchokozi wa kweli zoezi ni mchezo wa watoto, akanifanya kiranja wa kipindi.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na pikipiki moja kuukuu, na juu ya pikipiki hiyo alikuwa mtu mwingine kabisa. Hana kofia ya chuma, shati limejaa upepo, anakata kona ya soko mpaka mbuzi wanapanda vibarazani. Mwenzetu mmoja alimkabili darasani: "Maalim, wewe mwenyewe pikipiki yako je?" "Bwana mkubwa," akasema, "hilo nalo tulijaribu kufanya nini?" Tukapiga makofi. Jioni ile akaondoka kwa mwendo uleule, vumbi likaziba lango la shule. Tena alikuwa mkaidi. Mwalimu mkuu alimwambia wazi awaeleze wazazi kipindi hicho ni cha nini kabla hawajasikia kwa watu. Yeye akajibu kwamba matokeo yataeleza. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Kwetu unakwenda kwa wazee kwanza, unakunywa chai yao yenye sukari, unaeleza, wanakataa, unarudi tena. Hilo hakujifunza, na mimi kiranja niliyelijua sikumwambia.

Sasa nifike mahali nisipopapenda.

Nilikuwa na rafiki, jina lake Gedi. Baba yake alikuwa mfugaji upande wa Bura, mwenye ngamia, na Gedi alikuwa kwetu Garissa kwa shangazi yake kwa ajili ya shule. Likizo alirudi kuchunga. Alikuwa mpole, mzito wa kusema, na katika kipindi cha Alhamisi alikuwa mbovu kuliko wote. Akiitwa mbele alisimama tu anameza mate. Mwalimu hakumsukuma. Alimwambia, "Itakuja."

Ijumaa moja tulikuwa watano karibu na kizuizi cha polisi cha darajani. Malori hupunguza mwendo pale, kisha huanza kujikokota, na hapo ndipo tunapodandia nyuma. Sheria ilikuwa anayeachia wa kwanza ni fulay. Gedi akapita na nyama ya shangazi yake kwenye karatasi. Nikamwita. Nikamwambia lori lile ni lake.

Akasema, "Leo hapana. Mimi napeleka nyama."

Nikamwita fulay. Akatabasamu. Wallahi, alitabasamu. Akasema, "Niite hivyo, lakini nyama ikiharibika shangazi ataniita vibaya zaidi." Wenzetu wakacheka, si kumcheka yeye. Walikuwa wananicheka mimi. Itakuja, mwalimu alikuwa amesema, na ilikuwa imekuja, mbele yangu, nami nilikuwa mtu wa kwanza kuiona.

Nilipaswa kufurahi. Mimi ndiye kiranja, nilipaswa kumkumbatia nikampeleka kwa mwalimu. Badala yake nikaona aibu ya kuchekwa inanipanda shingoni, nikasema kitu ambacho hatukuwahi kukifanyia mazoezi. Nilisema, "Kumbe ngamia wa baba yako watachungwa na msichana."

Akanitazama. Akanipa ile nyama niishike. Akakimbia.

Alishika mnyororo wa nyuma, lori likashtuka, mkono ukateleza. Nyuma kulikuwa na lori la pili. Sitasema zaidi. Mguu wa kulia walimkatia chini ya goti, na mimi nilirudi kwa shangazi yake nikiwa na nyama mkononi.

Kwetu jeraha haliachwi hivihivi. Lazima lipate mwenyewe. Wazee wa upande wa aliyeumia na upande wa aliyesababisha wanakaa, wanauliza, na likishajulikana ni la nani, ukoo wake wote unabeba. Ni desturi nzuri, imezuia damu nyingi. Wazee wakaja shuleni, wakakaa kwenye ukumbi, upande mmoja jamaa za Gedi na baba yake, upande wa pili jamaa zetu, kwa sababu ilijulikana tulikuwa pamoja. Adeer yangu, mdogo wa baba, ndiye aliyenisimamisha. Akauliza kwa Kisomali, ukumbi mzima ukisikia: "Kijana wao Gedi ana akili. Nani alimwita fulay mpaka akakimbilia lori?"

Nikatazama jamaa zetu. Nikawaona wamekaa wameshika bakora, wanangoja kujua kama mzigo ni wao. Nikasema, "Mwalimu wa hisabati ndiye anayetufundisha kuitana hivyo. Kila Alhamisi. Anaandika ubaoni."

Haikuwa uongo, na ndiyo sababu iliingia kirahisi. Ukumbi ukatoa pumzi. Nadhani hata jamaa za Gedi walipata nafuu, maana mwalimu hakuwa na ukoo pale, hakuna aliyekuja kukaa upande wake, na jeraha likiwa lake halitagombanisha mtu na jirani. Mzee mmoja akamgeukia, akamwambia kwa Kiswahili, "Wewe nakuja kufundisha watoto yetu woga? Nafundisha kutukanana? Serikali nabeleka wewe hapa kwa kazi hiyo?"

Yeye alikuwa amesimama nyuma, karibu na dirisha. Kisomali hakukijua ila maneno machache, na katika maneno yangu alitambua moja tu, lile la ubaoni. Aliniona mimi, kiranja wake, nimesimama mbele ya wazee, nalitaja. Basi akaniitikia kwa kichwa. Taratibu, kunitia moyo. Alidhani ninaeleza kipindi. Alidhani ninamtetea.

Kipindi kilifutwa siku ileile. Baada ya wiki tatu barua ya uhamisho ilikuja. Siku ya kuondoka alifunga sanduku nyuma ya pikipiki kwa kamba za katani, mama mwenye nyumba analia na kumwombea apone, nami nikapita njia ile kwa bahati mbaya. Akanipa mkono. "Asante kwa kujaribu, bwana mkubwa," akasema. "Niliona ulivyosimama."

Nikasema, "Karibu, Maalim." Ndivyo nilivyosema. Karibu.

Gedi alikaa wodini miezi. Alipotoka mambo yalikuwa yamekwisha. Nilikwenda kumwona na machungwa, tukala yote. Mwishoni akasema, "Walikuuliza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi waliniuliza. Nilisema sikumbuki." Sikumwuliza kwa nini. Nadhani angeona vibaya kusema kwamba alikuwa amekataa, halafu hakukataa. Baba yake alimchukua Bura. Watu walisema yule mzee hamwongeleshi, kwamba anasema alimpeleka mtoto shule apate akili, akarudi bila akili na bila mguu. Hakurudi shuleni.

Mimi nilisoma, nikaenda chuo cha ualimu, na mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya ile mvua iliyobeba barabara, nilitumwa Masalani kusimamia mitihani. Katika shule ya pili nikasikia nyuma ya mlango: "Bwana mkubwa, hapa tulikuwa tunajaribu kufanya nini?" Ningeweza kuondoka. Nilisimama kwa sababu mwalimu mkuu wa pale alikuwa amenishika mkono akinionyesha choo kipya.

Alikuwa amezeeka haraka. Shati bado limepigwa pasi. Alinifurahia mno, akanivuta kwenye chumba cha walimu, akaniuliza nafundisha nini, akacheka kusikia ni hisabati. Pikipiki, aliniambia, aliiuza. Nikamwuliza, nusu nikitumaini, kama bado anafundisha kile kipindi cha Alhamisi.

Akafunga kalamu. "Niliacha," akasema. "Nilimvunja mtoto wa watu mguu."

"Siyo wewe, Maalim."

"Ni mimi. Nililichukua neno baya nikalifanya mchezo. Nililiweka midomoni mwenu. Wazee walisema kweli. Hapa pia wanaruka mtoni, wawili wameumia mwaka huu, mmoja mamba amemchukua mkono. Mwalimu mkuu aliniomba nifanye kitu, alisikia kwamba zamani nilikuwa nafanya. Nikamwambia sijui chochote."

Miaka yote nilidhani nilimnyima kazi ya Garissa tu. Sikujua nilimwachia na mguu wa Gedi aubebe. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kizuizi, nyama, ngamia na msichana, halafu ukumbi na nilichokisema. Sikumtazama usoni, nilitazama kalamu yake.

Nilingoja anifukuze. Aliponiuliza, sauti ilikuwa ndogo.

"Alikataa?"

"Ndiyo, Maalim."

"Gedi? Alikataa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Akasema nini? Sema kama alivyosema."

Nikarudia maneno ya Gedi. Akaniambia nirudie tena. Kisha akauficha uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na mimi nikakaa pale kama mwizi aliyeletwa kurudisha mali iliyokwisha haribika.

Aliponyanyua uso hakusema amenisamehe. Alisema, "Baba yake anajua?"

"Hapana."

"Basi nenda Bura ukamwambie kijana wake alikataa. Mimi niache. Utaenda lini?"

"Ijumaa hii, inshallah."

Akanitazama kwa kungoja kule kwake. "Bwana mkubwa," akasema, "hiyo inshallah yako ni kataa. Na umekataa vibaya." Kengele ikalia, akachukua vitabu vyake akaingia darasani.

Ijumaa ile gari la Bura liliondoka bila mimi. Nilikuwa na karatasi za kusahihisha. Ijumaa ya pili nilikuwa na homa, homa ya kweli, ingawa haikuwa kubwa. Ya tatu nilikwenda.

Nilimkuta baba yake Gedi mbele ya nyumba yake, amekaa mkekani, na Gedi kando yake anashona ngozi, gongo lake la kutembelea limelala. Walikuwa wakizungumza. Nilisikia sauti za wote wawili kabla sijawaona, baba na mwana, wanabishana kuhusu bei ya ngamia. Nikatoa salamu. Mzee akajibu, akanitazama juu mpaka chini.

"Mwalimu wenu alikuja hapa," akasema.

Nikaacha kuvua viatu.

"Wiki mbili zilizopita, Ijumaa. Alishuka kwenye lori, mtu mzima, vumbi tupu. Alisema mwanangu alikataa mara mbili, na kwamba katika wanafunzi wake wote hajaona aliyekataa vizuri hivyo. Akaniomba radhi. Nikamwuliza, basi ni nani aliyemsukuma kwa maneno mara ya tatu?" Mzee akanyoosha mkeka kwa kiganja, akatengeneza nafasi. "Akasema hilo si lake kulisema. Mwenyewe atakuja."

Gedi hakuinua macho kutoka kwenye ngozi.

"Sasa wewe," mzee akasema, "umekuja na nini?"